Luigi Broglio: Mhandisi aliyegeuza bahari ya Malindi kuwa uwanja wa roketi

WEWE kijana wa Mundika, labda hujawahi kuambiwa kwamba hapo ulipo ni karibu nusu digrii tu kutoka Ikweta. Kuna mtu aliyevuka bahari akiutafuta mstari huo. Aliitwa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi jijini Roma, akawa afisa wa jeshi la anga, kisha mwaka 1952 akapewa kusimamia shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Nchi yake ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Pesa za kushindana na Marekani au Urusi hazikuwepo.

Basi akatafuta njia nyingine. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na Marekani: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano waunde setilaiti na uwanja wa kuirushia. Desemba 15, 1964, vijana wake walirusha setilaiti ya San Marco 1 kutoka Marekani.

Lakini yeye aliitaka Ikweta. Mbona? Dunia inajizungusha, na kwenye Ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inapata mbio hizo bure, kama bodaboda inayosukumwa na mteremko. Tena mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Kitu kikianguka hakimpati mtu. Akaleta majukwaa ya chuma, moja lilikuwa la kuchimbia mafuta, akayasimamisha baharini karibu na Ngomeni. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka hapo.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Miale hiyo huzuiwa na hewa yetu, kwa hivyo darubini ya ardhini haiwezi kuiona. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Na kwa kuwa ilizunguka juu ya Ikweta, kila mzunguko ilikatiza anga la Kenya, si mbali na Busia na Malaba.

Oktoba 1974 ikafuata Ariel 5 ya Uingereza. Agosti 1975 ikanasa mlipuko karibu na kundi la nyota la Orion. Kwa muda, hapakuwa na chanzo kingine nje ya Jua kilichong'aa hivyo kwa eksirei. Wanaastronomia walipofukua picha za zamani, wakakuta nova ileile ilishawahi kuwaka mwaka 1917. Mwaka 1986 vipimo vikaonyesha kwamba nyota iliyopo pale inazunguka kitu kisichoonekana, kizito kuliko Jua zaidi ya mara tatu. Yaani, shimo jeusi linalonyonya gesi ya jirani yake, na gesi ikirundikana sana, mlipuko unatokea.

Broglio alifariki Januari 14, 2001. Mwaka uliofuata, Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alituzwa Nobeli. Kituo cha Malindi sasa kinaitwa jina la Broglio, ingawa roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988.

Sasa tuambiane ukweli. Setilaiti tisa zilipaa kutoka bahari yetu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya. Sisi tulitoa mahali na jina. Wenzetu wakaleta ujuzi, na matokeo yakaandikwa kwa majina yao. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilikwenda angani mwaka 2018. Iliundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio.

Huyu mzee hakungoja nchi yake itajirike. Aliomba roketi, akatumia jukwaa kuukuu, lakini hesabu alizipiga mwenyewe na wanafunzi wake. Ikweta unayo tayari, wala huhitaji kuvuka bahari kuitafuta. Kwa hivyo ukiambiwa uchague masomo, usiikimbie fizikia kwa sababu eti ni ngumu.