Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya: gita lake lilifika Amerika juma watu walipokanyaga mwezi

Jioni huku Mutoshi, kuran ikirudi, watoto njo wanapiga kelele ya kwanza. Kila mutu anatafuta prizi ya kutia telefone, na mbele ya saa mbili ya usiku lupango nzima iko inaangalia filme. Siku hizi wanapenda za zamani. Vijana wanazinunua sokoni kwa wale wenye kuzitia katika telefone, kiisha wanazifuata moja moja toka mwanzo, ginsi mutu analipa deni. Ile ya chombo chenye kutembea katikati ya nyota, na mutu wa masikio ya ncha, ile Star Trek, ilianza kuonyeshwa Amerika katika 1966, ikasimamishwa mwezi wa 6 wa 1969. Wababa wanatafuta za kauboi na za Bruce Lee. Wamama wanaomba michezo ya Mufwankolo wa Lubumbashi, iliyokuwa inatuchekesha kwa televizyo kwa Kiswahili chetu wenyewe. Hatuna neno juu ya hiyo. Mutu aliyeshinda siku nzima katika vumbi ya mugodi ana haki ya kucheka na ya kushangaa.

Lakini siku moja, tulipokuwa tunangoja mukutano wa sendika uanze, kijana mumoja alituuliza kama katika ile miaka sisi wa huku tulikuwa na nani. Ilionekana jibu alikuwa nalo tayari: hakuna mutu. Tulimutajia Mwenda Jean Bosco. Hakumujua, hata jina. Na ni mutoto wa Kolwezi, baba yake na babu yake walitumika hapa. Tuliona haya, maana kama hajui, kosa si lake yeye. Njo sababu tunaandika leo.

Mwenda alizaliwa katika 1930 kule Bunkeya, katika territoire ya Lubudi, jimbo letu hili la Lualaba. Bunkeya haikuwa kijiji cha kupita tu. Wakati wa mufalme Msiri ilikuwa muji mukubwa wa biashara: mukuba, pembe za tembo, chumvi, na watumwa pia, tusifiche. Msiri alitoka katika Wanyamwezi wa Tanzania ya leo, na watu wake wakaitwa Bayeke. Tarehe 20 mwezi wa 12 wa 1891 aliuawa na watu wa kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa kazi ya mufalme Leopold wa Ubelgiji. Jina Mwenda ni la ile jamaa ya kifalme. Jean Bosco ni jina la ubatizo, la yule mutakatifu wa Wasalesiani. Kwa hiyo katika jina la mutoto mumoja kulikuwa ufalme uliovunjwa pamoja na misioni iliyofuata nyuma.

Katika ujana wake tunamukuta Jadotville, njo Likasi ya leo. Toka hapa Kolwezi, hata kilometa 200 hazifiki. Wazee wetu walijua ile maisha ya kambi: nyumba za mustari, posho ya kila juma, masomo ya watoto, dispansere, timu ya mupira, fanfare, na sinema. Kampani ilitaka mufanyakazi akae na bibi yake na watoto wake, asiwaze kurudi kijijini. Sisi watu wa sendika hatuwezi kupita hapo bila kukumbusha mwezi wa 12 wa 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi kwa kuomba mushahara, na katika kiwanja cha mupira cha Élisabethville askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa. Mwenda alikuwa mutoto wa miaka 11. Muziki wake ulikomaa kati ya wale waliobaki na kilio kile, na ambao siku ya mungu walivaa suti safi, kofia imeinama kidogo, wakaenda kuona kauboi.

Ndiyo, kauboi. Wenye kuchunguza muziki wake wanataja filme za kauboi kati ya vitu vilivyomufundisha. Kule kwa skrini kulikuwa mutu mwenye farasi na gita, anaimba peke yake jioni. Wanataja tena disque za Cuba, kama za Trio Matamoros, na kiisha nyimbo za huku kwetu na za upande wa Zambia. Kwa hiyo wale vijana wa Mutoshi wenye kukodolea macho vyombo vya angani, tusiwacheke. Mwenda pia alikaa mbele ya mambo ya wageni akafungua macho. Tofauti ni kile alichofanya alipotoka mule ndani. Hakujigeuza kuwa Mucuba wala kauboi. Alichukua ile sauti akaitia katika vidole vya mutu wa Katanga.

Na vile vidole tuvielezee vizuri, maana kazi ya mikono sisi tunaijua. Alikuwa anapiga kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume. Kidole kikubwa kinashika nyuzi za chini, kinatembea bila kuchoka, kama mutu mwenye kupiga hatua sawasawa. Kidole cha pili kinacheza juu, kinakimbia, kinasimama, kinarudi na mupango mwingine. Ukifunga macho unaapa kwamba wako watu wawili. Na hakuwa anarudilia kitu kimoja paka mwisho: kila mara ule wimbo ukizunguka, anaugeuza kidogo, na wewe unangoja uone utarudi wapi. Vijana wa zamani waliojaribu kumufuata walikuwa wanashindwa hapo. Kupata ile hatua ya kidole kikubwa, wanaweza. Kuiacha itembee yenyewe wakati kidole kingine kinafanya mambo yake, hapana.

Katika 1952 alifika Jadotville Muzungu mumoja, Hugh Tracey, aliyezaliwa Uingereza na kukaa Afrika ya Kusini. Alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti ndani ya motokari, akitafuta muziki wa wenyeji. Alimukuta Mwenda, kijana wa miaka 22, akakamata nyimbo zake. Kati yao mulikuwa Masanga na Bombalaka. Disque za wakati ule zilikuwa nzito na za kuvunjika, na upande mumoja ulibeba dakika tatu hivi. Dakika tatu zile zilitosha. Mwaka uleule Masanga ilipata zawadi ya Osborn, iliyokuwa inatafuta nyimbo nzuri za Afrika. Disque zilitoka Afrika ya Kusini na chapa ya Gallotone, zikapanda tena kuja kuuzwa kwetu na inchi za jirani. Kila mwenye kutumika katika mukuba anaijua ile njia: kitu kinatoka huku kikiwa kigumu na kichafu, kinaenda kusafishwa mbali, kiisha kinarudi dukani na bei. Ila hapa kitu chenyewe kilitoka safi tayari.

Nyimbo zake aliziimba kwa Kiswahili, kile cha kambi na cité, si cha vitabu. Aliimba mambo ya mapendo, ya ndugu na jamaa, ya muji unaokula feza ya mutu. Sauti yake haikuwa ya kulalamika. Alisema neno lake taratibu, akalifunga, akaacha gita liendelee. Kile Kiswahili njo kilimufungulia njia ya mashariki. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 alikaa kwa muda Nairobi, akawa na emisyo yake kwa redio, na wapiga gita wa Kenya wakaanza kumuiga. Edouard Masengo, mwenziwe wa Katanga, naye alifanya jina kule. Ukisikia disque za Kenya za miaka ile, zile za gita kavu na mutu wa kugonga chupa pembeni, utasikia Jadotville ndani yake. Kumbe wakati huku kwetu kulikuwa uhuru, kiisha Katanga kujikata katika mwezi wa 7 wa 1960, kiisha vita mpaka mwanzo wa 1963, kidole cha mutu wa Bunkeya kilikuwa kinafundisha Nairobi.

Sasa tufike kwa ile mwaka ya 1969, maana njo jibu la yule kijana. Katika mwezi wa 7, Mwenda alialikwa Amerika, kule Newport, muji wa pembeni ya bahari, kwa fete kubwa ya muziki wa kienyeji. Fete ile ilimalizika tarehe 20. Na tarehe 20 mwezi wa 7 wa 1969 njo siku Armstrong na Aldrin walishusha chombo chao juu ya mwezi. Ile televizyo ya nyota ilikuwa imesimamishwa juma chache mbele yake, kwa sababu watu wa kuiangalia hawakutosha. Tena katika Newport kwenyewe walikatiza muziki kwa kutangaza habari ya mwezi. Angalieni basi: katika juma lile moja, ulimwengu mzima ulikuwa na shingo juu, na Mwenda wa Bunkeya alikuwa kule kwa wenye ile ndeke ya mwezi, na gita lake la mbao, nyuzi sita, vidole viwili. Hatusemi kupiga gita kunashinda kufika mwezini. Tunasema tu kwamba siku zile mutu wetu hakuwa nyuma ya mulango. Alikuwa ndani, amealikwa.

Aliporudi hakukuta watu wa kumubeba mabegani. Muziki ulikuwa umegeuka toka zamani. Orchestre za Léopoldville, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, zilikuwa na gita za kuran, saxofone, na Lingala, na redio ilizifikisha kila kambi. Mutu mumoja na gita kavu akaonekana wa kizamani. Mwenda alikaa Lubumbashi, akatumika kazi ya biro katika banki, akaongoza orchestre, akalisha watoto. Kwa sisi hiyo haiko haya. Wengi wenye tunajua majina yao makubwa walikuwa na kazi ya mwezi kwa mwezi kama sisi, na muziki waliupiga baada ya saa za kazi. Wakati wa Mobutu, majina ya ubatizo yalipokatazwa katika 1972, Jean Bosco ikatoka, akabaki Mwenda wa Bayeke. Jina la babu zake likarudi kwa amri ya serikali, jambo lenye kuchekesha kidogo.

Katika 1979 kijana Mwingereza, John Low, mupiga gita, alifunga safari mpaka Lubumbashi kwa kumutafuta. Alikuja kujifunza kwa macho yake ginsi vile vidole viwili vinatembea, kiisha akaandika kitabu cha ile safari. Nusu ya wakubwa wa Lubumbashi wakati ule wangeshangaa kusikia mutu anatoka Ulaya kwa ajili ya Masanga. Katika 1982 Mwenda mwenyewe alikwenda Ulaya kupiga. Katika 1988, akiwa na karibu miaka 60, aliingia studio kule Afrika ya Kusini, akazipiga upya nyimbo zake peke yake, gita na sauti. Hiyo disque ilitoka wakati yeye hayuko tena.

Alikufa mwezi wa 9 wa 1990 katika aksida ya motokari, upande wa Zambia. Ni inchi ileile ambayo leo makamyo yenye kubeba mukuba wetu yanapita usiku na muchana kuelekea kusini, na familia ngapi za hapa zimelilia mutu kwa barabara zile, hatuhitaji kuhesabu.

Leo Masanga inafundishwa kwa wapiga gita wa Ulaya na Amerika. Wameandika kila pigo kwa karatasi. Hapa Mutoshi, kati ya vijana 14 tuliowauliza baada ya mukutano ule, hakuna aliyewahi kuisikia. Iko katika telefone zao, bure, wanaipita kila usiku wakitafuta vyombo vya nyota.

Tuliipiga palepale, kwa telefone ya yule kijana, sauti ikiwa ndogo. Muzee mumoja wa pansyoni, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja habari ya feza yake ambayo bado haijatoka, aliinua kichwa. Hakusema kitu. Alichukua chupa tupu ya bia chini ya benchi, akatoa ufunguo mufukoni, akaanza kugonga. Aligonga sawa, bila kukosa, mpaka wimbo ukaisha. Kijana akaturudishia macho, kiisha akaurudisha wimbo kwa mwanzo. Tumekubaliana Jumamosi tukutane tena palepale, saa kumi, kama kuran iko. Mwenye gita lolote alilete, hata lenye nyuzi nne. Muzee amesema chupa yeye atakuja nayo.