Garnham, daktari aliyemfukuza inzi wa usubi Nyanza kabla ya kujua anakozaliwa

Huenda shuleni hukuwahi kulisikia jina la Percy Cyril Claude Garnham. Si ajabu. Lakini kama babu yako alizaliwa karibu na mto huko Nyanza Kusini kabla ya 1950, kuna uwezekano mkubwa kwamba macho yake yanamdai daktari huyu shukrani.

Garnham alizaliwa London tarehe 15 Januari 1901. Akasomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, na mwaka 1925, akiwa kijana wa miaka 24 tu, akaletwa Kenya na serikali ya kikoloni. Alikaa miaka 22. Wenzake wengi walitibu wagonjwa, wakaandika ripoti, wakasubiri likizo. Yeye alikuwa na kiherehere cha kutaka kujua mdudu gani anamwambukiza nani, wapi, na kwa njia gani. Alichunguza malaria Kisumu, kisha akaifuatilia hadi nyanda za juu, kule ambako watu waliamini baridi inatosha kuwakinga. Wewe wa Kisii unajua baridi haijawahi kumtisha mbu kiasi hicho.

Sasa twende Kodera. Ni bonde lenye msitu, leo liko kaunti ya Homa Bay, jirani kabisa na Wakisii. Miaka ya 1940 watu wa pale walikuwa wakijikuna hadi ngozi inakauka na kukunjamana, na wengine wakipofuka. Ugonjwa wenyewe ni usubi, unaoletwa na minyoo midogo wanaoenezwa na inzi mweusi mdogo anayeuma mchana. Jina lake la kitaalamu ni Simulium neavei.

Shida ilikuwa hii: inzi hawa wote hukulia majini, lakini mabuu ya huyu wa Nyanza yalikuwa hayaonekani. Watu walipekua mawe, majani, mizizi. Wapi! Inzi wanauma, watoto wao hawajulikani waliko.

Garnham hakungoja. Mwaka 1946, pamoja na mtaalamu wa wadudu J. P. McMahon, alianza kumwaga DDT kwenye vijito vya Kodera. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Buu wa inzi huyu hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo popote alipojificha, sumu itamfuata mdomoni. Waliirudia dawa mara kadhaa, na inzi wakaisha Kodera. Mwaka 1947 wakachapisha matokeo yao, wakiwa bado hawajui adui waliyemuua alikuwa anaishi wapi.

Jibu likaja 1950, na hapa ndipo stori inakuwa tamu. McMahon na mtaalamu wa samaki, van Someren, waligundua kwamba mabuu hayo hayakuwa kwenye mawe kabisa. Yalikuwa yamejibandika kwenye mgongo wa kaa! Kaa wa mtoni, yule yule unayemwona akikimbilia chini ya jiwe ukichota maji. Kwenye utafiti huo huo walikuta pia mabuu ya inzi wa jamii hiyo yakiwa yamepanda wadudu wadogo bapa wenye mikia mitatu, wanaong'ang'ania mawe penye maji ya kasi. Yaani chini ya mto kulikuwa na matatu zake, na abiria wake.

Kufikia wakati huo Garnham alishaondoka. Mwaka 1948, akiwa London na Henry Shortt, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hujificha kwanza kwenye ini kabla ya kuingia kwenye damu, na hilo ndilo lililompa jina duniani. Akawa profesa, akachaguliwa kuingia Royal Society mwaka 1964, akaandika kitabu kinene kuhusu vijidudu vya malaria. Kazi ya mitoni akaibeba McMahon, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 inzi yule alikuwa ametoweka Kenya.

Lakini DDT haichagui. Wale wa mikia mitatu hawakuwa na kosa lolote, na ndio hao hao ambao leo wanasayansi huwatumia kupima afya ya mto. Wanahitaji maji yenye oksijeni nyingi. Mto ukijaa taka za choo, sabuni ya kuoshea magari na udongo wa mashamba, wao hutoweka kwanza, na wanaobaki ni vijibuu vyekundu kwenye matope, ambavyo wekundu wao ni himoglobini, kama ya damu yako, inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo. Afrika Kusini wana mfumo wa kuwapa wadudu hawa alama, unaitwa SASS. Tanzania wana wao, TARISS. Huhitaji maabara kubwa. Chombo chenyewe ni wavu, sinia jeupe na macho.

Na ukifikiria vizuri, inzi wa usubi naye alipenda mto safi: maji ya kasi, kivuli cha msitu, kaa wengi. Mto uliokuwa unapofusha watu ulikuwa mzima kuliko Nyakomisaro inavyopita leo katikati ya mji wa Kisii. Mimi simlaumu Garnham. Kati ya macho ya mtoto na mdudu wa mikia mitatu, nani angesita? Ila yeye alikuwa na sababu ya kumwaga sumu mtoni. Anayemwaga oili chafu leo ana sababu gani?

Garnham alifariki siku ya Krismasi, 1994, akiwa na miaka 93. Mto Kuja bado unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukishuka katikati ya chai na mikaratusi. Siku maji yakiwa machache, shuka ukingoni, inua jiwe moja taratibu na uligeuze. Hesabu mikia. Kisha lirudishe kama lilivyokuwa.