Maisha ya Rachel Carson

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi mlio madarasani sasa, mimi nafanya kazi katika mtambo wa kusafisha maji ya mji. Huko tunatumia unga mmoja, aina ya polima, uyeyukao majini na kukusanya tope hata likazama chini. Usiku mmoja nikiwa zamu nilizidisha kipimo, na maji ya masalio yakafunguliwa kijitoni. Kulipokucha niliwaona samaki wakitwetea juu ya maji, kisha wakageuka matumbo juu. Molekuli za polima hizo ni kubwa mno, hazipenyi mwilini kwa urahisi. Lakini zina umeme wa chanya, basi hung'ang'ania matamvua, ambayo samaki huvutia pumzi, zikamsonga. Msimamizi wangu alinikaripia sana. Halafu akaniazima kitabu, na ndimo nilimokutana na bibi huyu.

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, huko Springdale, Pennsylvania, katika Marekani, mbali na bahari. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika gazeti la watoto mwaka 1918, naye ana miaka 11. Chuoni alianza na Kiingereza, lakini mwalimu wake wa elimu ya viumbe akamgeuza moyo. Bahari yenyewe hakuiona mpaka mwaka 1929. Mwaka 1932 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa kuchunguza jinsi figo za samaki wa jamii ya kambare zinavyoanza kukua. Baba yake akafa mwaka 1935, na mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Akaajiriwa katika idara ya serikali ya uvuvi, kwanza kuandika maneno ya redio, kisha kama mtaalamu wa viumbe vya majini. Kitabu chake juu ya bahari, kilichotoka mwaka 1951, kilimpa jina na fedha, hata akaacha kazi ya serikali na kuandika tu.

Lakini kitabu nilichoazimwa mimi ni kile cha mwaka 1962, Silent Spring, kinachoeleza madawa ya kuua wadudu. Humo mna habari za Clear Lake, ziwa la California. Watu walisumbuliwa na usubi, tena usubi usiouma. Mwaka 1949 wakatia dawa iitwayo DDD, ndugu ya DDT, sehemu moja kwa sehemu milioni 70 za maji. Usubi uliporudi wakatia tena mwaka 1954, na tena mwaka 1957, sehemu moja kwa milioni 50. Nani angeogopa kipimo kidogo hivyo? Kumbe dawa hiyo haipendi maji, hupenda mafuta. Vimelea vidogo vya majini viliikusanya, samaki wakala vimelea, na ndege wazamiaji waitwao vibisi wakala samaki. Mafuta ya vibisi waliokufa yalipopimwa, yalikutwa na sehemu 1,600 katika milioni, yaani mara 80,000 ya ile iliyotiwa majini. Jozi 1,000 za vibisi zilizokuwa zikitaga pale zikabaki kama 30. Nilirudia hesabu hiyo kwa kalamu yangu mwenyewe, maana sikuamini.

Wenye viwanda walimshambulia vikali. Wengine walimdharau kwa kuwa ni mwanamke asiyeolewa na hana udaktari wa falsafa. Watu husema mpaka leo kwamba alitaka dawa zote zipigwe marufuku. Si kweli, na sisi tulio katika nchi za mbu yatupasa kulijua hilo. Alipinga kumwaga ovyo, na alionya kwamba wadudu huizoea dawa inyunyizwayo kupita kiasi.

Wakati huo wote alikuwa akiugua kansa ya matiti. Alificha ugonjwa wake, asije akaambiwa kwamba anayasingizia madawa kwa uchungu wake. Tena alikuwa akimlea mtoto wa mpwa wake, aliyebaki yatima mwaka 1957. Mwezi wa Mei 1963 wataalamu wa Rais Kennedy walitoa taarifa iliyomuunga mkono, na mwezi uliofuata akaenda kutoa ushahidi mbele ya wajumbe wa Seneti, hali mwili umechoka. Alikufa tarehe 14 Aprili, 1964, mwenye miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, naye hakuiona siku hiyo.

Kitabu nimekirudisha. Penye mfereji wa kutokea maji pale mtamboni nimeweka karai la samaki wadogo, na maji ya masalio hupitia humo kwanza. Kila asubuhi huwatazama hao kabla sijafungua kijitoni.