Dennis Ritchie: Muasisi wa lugha ya C iliyomo ndani ya simu yako

Kama unasoma habari hii kwenye simu, uwe Darajani au Nungwi, basi unatumia kazi ya Dennis Ritchie. Kiini cha Android kimeandikwa kwa C, lugha ya kompyuta aliyoiunda yeye.

Ritchie alizaliwa 9 Septemba 1941 Bronxville, New York, Marekani. Alisoma fizikia Harvard, na mwaka 1967 akaajiriwa Bell Labs, kampuni aliyofanyia kazi baba yake. Hapo yeye na Ken Thompson walitengeneza mfumo wa Unix, na 1973 wakauandika upya kwa C.

C ni nyepesi, lakini haina maneno mengi. Kitu kikikwama, mara nyingi unapewa namba tu. Kwenye Unix, namba 2 maana yake faili halipo. 13, huna ruhusa. Faili gani? Mstari wa ngapi? Hilo ni juu ya anayeandika programu.

Chukua programu inayosoma faili la mipangilio. Koma moja ikikosekana, msomaji mzuri hutaja jina la faili, mstari, na kilichotakiwa kuwepo. Mbaya hunyamaza tu, na kosa linakuja kuonekana baadaye, mahali pengine kabisa.

Hasara ya kosa lisilosemwa mapema inaonekana hata Mji Mkongwe. Ndani ya Kanisa la Mkunazini kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kuwa mafundi walizisimika Askofu Edward Steere akiwa safarini. Aliporudi, kazi ilishakwisha. Ziko hivyo mpaka leo.

Bell Labs walilijua tatizo hili. Mwenzake Ritchie, Stephen Johnson, alitengeneza lint, programu ya kukagua makosa ya C kabla kazi haijaanza kutumika. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu cha C ambacho bado kinasomwa duniani kote. Mwaka 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing.

Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake Oktoba 2011, akiwa na miaka 70, wiki moja tu baada ya kifo cha Steve Jobs. Jobs alililiwa dunia nzima. Habari za Ritchie wengi hawakuzisikia.

Lugha yake bado inafanya kazi, na kijana wa Unguja anayejifunza C leo anakutana na sharti lilelile: kosa likitokea, mwambie mtumiaji ni lipi na liko wapi.