Askofu Weston na Wapagazi wa Vita

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898. Alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akafanywa Askofu wa Zanzibar. Korogwe na Magila, kwetu huku, zilikuwa katika uaskofu wake.

Hata mwaka 1914 vita vya Wadachi na Waingereza vikaingia nchi hii. Mwezi wa Juni 1916 jeshi la Jemadari Smuts lilipita Korogwe na Handeni. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, motokaa zikakwama matopeni. Basi unga, risasi na dawa vilikwenda vichwani mwa watu. Majeruhi nao walichukuliwa kwa machela, porini na mitoni, mpaka hospitali. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1864 na 1906 yalikataza kuwapiga risasi wachukuao majeruhi. Lakini njaa haisomi mapatano. Wapagazi hawa hawakuwa askari; wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Makumi ya maelfu walikufa kwa homa, kuhara damu na kukosa chakula. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa wapagazi hao.

Unguja watu waliiogopa sana kazi ile, na haki yao. Basi mwaka 1916 Askofu aliunda kikosi cha wapagazi, akapewa cheo cha Meja, akaenda nao mwenyewe. Walishika njia ya pwani toka Bagamoyo hata Dar es Salaam, naye akitembea kwa miguu pamoja nao. Ni jambo geni askofu kuwa Meja. Lakini mpagazi ambaye mkubwa wake yu karibu hapigwi ovyo, wala posho yake haipotei njiani.

Mwaka 1918 aliandika kitabu kidogo kuushitaki ukatili wa Wadachi. Waingereza walipendezwa nacho. Lakini mwaka 1920 aliandika kingine, kuwashitaki Waingereza wenyewe, kwa sababu huko Kenya maofisa waliwashurutisha watu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Hicho hakikuwapendeza wengi. Hata hivyo, mwaka 1921 serikali ya London iliwakataza maofisa wake kuwatafutia walowezi wafanyakazi.

Askofu Weston alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, naye ana umri wa miaka 53.