Mwanga wa Pili: Mfalme Asiyeelezeka kwa Neno Moja

Jioni ifikapo katika kambi ya polisi ya Nsambya, mjini Kampala, askari aliyetoka zamu huketi na jamaa zake mbele ya televisheni kutazama mchezo wa kuigiza unaoendelea siku hata siku. Michezo hiyo hutoka nchi mbalimbali, lakini ndani yake hakosekani kijana mmoja mzuri wa sura, mwenye mali au cheo, ambaye hudanganya, hulipiza kisasi na huwaumiza hata wale wampendao. Ajabu ni kwamba huyo ndiye watazamaji wanayemngojea. Akiadhibiwa, wao husikitika. Akilia, nao hulia. Hata askari ambaye mchana kutwa amewakimbiza wahalifu, usiku humtakia mhalifu wa televisheni aponyoke.

Wako wasemao kwamba huo ni upumbavu wa michezo ya kigeni. La, jambo hili ni la binadamu wote, nasi tunaweza kulichungua bila kwenda mbali. Kilima hicho cha Nsambya kilikabidhiwa kwa mapadri wa Mill Hill mwaka 1895 na mtu wa namna hiyo hiyo: Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda. Wengi wanamjua kama muuaji wa Wakristo. Wengine wanamjua kama shujaa aliyewapiga vita Waingereza. Yafaa tuyatazame maisha yake yote, tangu mwanzo hata mwisho, ndipo tuamue.

Mwanga alizaliwa yapata mwaka 1868. Baba yake, Mutesa wa Kwanza, alikuwa mfalme mwerevu aliyejua kuwakaribisha wageni bila ya kuwapa nchi. Waarabu walileta biashara na Uislamu. Waprotestanti wa Uingereza walifika mwaka 1877, na mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa wakafuata mwaka 1879. Mutesa aliwasikiliza wote na kuwapima mmoja kwa mwingine, asimwache yeyote apate nguvu ya kumshinda. Alipofariki mwezi wa Oktoba 1884, kiti kikamwangukia Mwanga, kijana wa miaka kumi na sita hivi. Alirithi enzi yote ya baba yake, lakini werevu wa baba haurithiwi pamoja na kiti.

Siku zile zilikuwa za hatari kwa kweli. Wajerumani walikuwa wakijitwalia ardhi upande wa pwani, na habari hizo zilifika barazani Mengo. Aidha, wazee walishikilia imani ya kale kwamba wale watakaoimeza Buganda watatoka upande wa mashariki, kupitia Busoga. Basi ilipopata kusikika kwamba Askofu James Hannington anakuja kwa njia hiyo hiyo, mfalme kijana alishikwa na hofu. Amri ikapelekwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 askofu huyo akauawa Busoga pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa kwanza ambaye kila mwenye kuvaa sare angefaa kumjua. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana watumishi wa jumba la kifalme, mtumishi aliyeaminiwa sana. Yeye alimwendea mfalme na kumlaumu kwa kumuua mgeni pasipo kumsikiliza. Kwa ujasiri huo aliuawa mwezi wa Novemba 1885. Hakushika silaha wala hakukimbia. Alimtumikia bwana wake kwa kumwambia kweli.

Mwaka uliofuata hasira ya mfalme iliwageukia vijana wenyewe wa jumba lake. Wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kubatizwa, na baadhi yao walikataa kuyatii matakwa ya mfalme yaliyopingana na dini yao. Mwanga aliona kwamba watu wanaolala chini ya paa lake wana bwana mwingine. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, alitoa hukumu ya kifo. Tarehe 3 Juni kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo, na kiongozi wao, Karoli Lwanga, aliteketezwa siku hiyo hiyo. Kanisa Katoliki liliwatangaza mashahidi ishirini na wawili kuwa watakatifu mwaka 1964, na tarehe hiyo ya Juni ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Miongoni mwa vijana walioletwa kwake palikuwapo mwanawe wa kulea, Mbaga Tuzinde. Habari iliyohifadhiwa ni kwamba baba alimsihi mwanawe aikane dini ili apone, naye kijana akakataa. Hatimaye Mukajanga akaamuru auawe kwanza kwa kupigwa, asije akaungua akiwa hai. Huruma yote aliyoweza kupata katika utii wake ilikuwa ni hiyo. Amri ilitoka kinywani mwa Mwanga, lakini kuni zilikusanywa na mikono ya watu wengine.

Kama maisha ya Mwanga yangekoma hapo, lisingekuwapo la kujadili. Lakini mfalme huyu hakuwa mtu wa njia moja. Muda si mrefu baada ya moto wa Namugongo, aliwageukia vijana wasomaji waliosalia, akawapa bunduki na kuwafanya wakuu wa vikosi vipya, ili wamkinge na machifu wazee. Apolo Kagwa, ambaye aliwahi kuadhibiwa vikali na mfalme, alipewa kikosi. Honorat Nyonyintono, ambaye kwa amri ya mfalme alikatwa viungo vya uzazi, naye alipewa kikosi. Wakati huo huo watu wote, wakubwa kwa wadogo, walilazimishwa kuchimba ziwa kubwa karibu na Mengo, ambalo mpaka leo laitwa Ziwa la Kabaka. Hata machifu walishika majembe, na aliyechelewa alitozwa faini. Nchi ikachoka.

Mnamo Septemba 1888 Mwanga aliviogopa vikosi alivyoviunda mwenyewe. Akapanga kuwapeleka wasomaji, Wakristo na Waislamu pamoja, kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria wakafe njaa huko. Wao wakaigundua hila, wakakataa kupanda mitumbwi, wakageuka na kumpindua. Mfalme aliyetisha watu miaka minne alitoroka kwa mtumbwi na watumishi wachache, akafika Magu, kusini ya ziwa, akawa mkimbizi. Kutoka hapo aliomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadri wa Kifaransa ambao wanafunzi wao aliwachoma moto. Mapadri hao wakampokea.

Huko Buganda nako mambo yaliharibika. Kiweewa aliyewekwa badala yake hakudumu, na Kalema aliyemfuata alitawala kwa nguvu ya chama cha Waislamu, huku Wakristo wakikimbilia upande wa Ankole. Wakristo hao walipohitaji mwana wa mfalme wa kuwaunganisha, walimwita Mwanga. Na kiongozi wa jeshi lililomrudisha alikuwa Honorat Nyonyintono.

Huyo ndiye mtu wa tatu. Ni vigumu kuisoma habari yake bila kunyamaza kidogo. Alitiwa kilema na mfalme, kisha akaenda vitani kumrudishia mfalme huyo kiti chake, akafa vitani mwaka 1889, asiione siku ya ushindi. Hakufanya hivyo kwa sababu alimwona Mwanga kuwa mtu mwema. Alijua kuliko wengine wote kwamba hakuwa mwema. Alifanya hivyo kwa sababu aliona nchi inahitaji mfalme halali na amani, na kwamba jeraha lake mwenyewe si kipimo cha manufaa ya watu wote.

Mwanga alirudi Mengo Oktoba 1889, akaondoshwa tena, akarejea mapema mwaka 1890. Lakini kiti alichokalia hakikuwa tena kile cha baba yake. Mwezi wa Desemba 1890 alifika Kapteni Frederick Lugard na askari wake, akajenga ngome kwenye kilima cha Kampala na kumtaka mfalme atie sahihi mkataba. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo. Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya rashasha ya Maxim, na mfalme akakimbia tena kwa mtumbwi. Alirudishwa baada ya miezi michache, na mwaka 1894 nchi ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Vita hivyo ndivyo vilivyoipa Nsambya sura yake. Kwa kuwa watu walizoea kuwaita Wakatoliki wote Wafaransa na Waprotestanti wote Waingereza, Roma iliamua kuleta mapadri Wakatoliki kutoka Uingereza, ili ionekane kwamba dini si bendera ya taifa fulani. Askofu Henry Hanlon na wenzake wa shirika la Mill Hill walifika mwaka 1895, na Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Namugongo.

Wala hakutulia. Tarehe 6 Julai 1897 aliondoka Mengo kwa siri, akaenda Buddu na kuinua bendera ya uasi dhidi ya Waingereza. Hapo tunamwona mtu mwingine kabisa. Yule mwoga wa mitumbwi akawa mpiganaji. Alishindwa mwezi huo huo, akavuka mpaka na kushikwa na Wajerumani. Waingereza wakamvua ufalme, na Agosti wakamtawaza mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mwanga akatoroka kutoka mikononi mwa Wajerumani, akapigana tena, akashindwa tena mwezi wa Januari 1898, kisha akaenda kaskazini kuungana na Kabalega wa Bunyoro. Bunyoro na Buganda zilikuwa maadui wa tangu kale. Wafalme hao wawili walikaa pamoja porini wakiwindwa na adui mmoja. Tarehe 9 Aprili 1899 walikamatwa katika nchi ya Lango na jeshi la Waingereza pamoja na Waganda wa Semei Kakungulu.

Walipelekwa pwani, kisha visiwa vya Seychelles. Huko ugenini, yule aliyewachoma wasomaji alibatizwa katika kanisa la Waprotestanti na kupewa jina Danieli. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Mwaka huo huo, katika kilima alichokitoa, watawa, Mama Kevin akiwa miongoni mwao, walianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe. Ndiyo asili ya hospitali ya Nsambya. Mwaka 1910 mifupa ya Mwanga ilirudishwa na kuzikwa Kasubi, karibu na baba yake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tumesoma habari za mtu aliyewaua wasio na hatia, na hata hivyo, alipokuwa mkimbizi Magu, je, hatukumwonea huruma kidogo? Alipoungana na Kabalega, je, hatukutamani aponyoke? Hiyo ndiyo nguvu ya mwovu mwenye pande nyingi. Tukiisha kuonyeshwa hofu yake, tunajiona wenyewe ndani yake, kwani hakuna asiyewahi kuogopa, wala asiyewahi kutenda baya kwa sababu ya hofu. Mtu mbaya asiye na upande mwingine twamchukia na kumsahau. Huyu twamwelewa, na kumwelewa mtu ni jirani ya kumpenda.

Hata hivyo mna mtego hapa, na watungaji wa michezo ya televisheni wanaujua. Wao humwonyesha mwovu akilia peke yake usiku, lakini aliyeumizwa humpitisha mara moja tu, kisha humwondoa jukwaani. Mtazamaji humsamehe mkosaji kwa sababu hakupewa nafasi ya kumjua mkosewa. Katika habari ya Mwanga nafasi hiyo ipo. Majina ya waliokufa Namugongo yanasomwa kila mwaka, nayo hayaturuhusu tumfanye mfalme kuwa shujaa mtupu. Wala vita vyake vya 1897 haviruhusu tumfanye shetani mtupu.

Askari anahitaji mizani hiyo kuliko raia mwingine yeyote. Mshitakiwa anayeletwa mbele yake naye ana hofu yake na historia yake. Kuijua ni utu, lakini hakufuti jalada la kesi. Mkubwa anayempa amri naye ni binadamu, awezaye kuwa jasiri leo na kuongozwa na woga kesho. Chini ya mfalme mmoja walitumika Balikuddembe aliyesema kweli, Mukajanga aliyetii, na Nyonyintono aliyesamehe bila kusahau. Mwanga hakuchagua kuzaliwa katika wakati wa dhoruba, lakini kila mmoja wa hao watatu alichagua namna ya kumtumikia. Jioni nyingine, mchezo wa televisheni utakapokwisha pale Nsambya, askari mmoja na amsimulie mwanawe habari za watu hao watatu, kisha amwulize yeye angekuwa nani.