Sony Labou Tansi, mwandishi aliyemcheka mtawala

Hapa Kalembe waamini hutuuliza kama ni dhambi kucheka wakati wa vita. Tumkumbuke mwandishi mmoja wa Congo.

Marcel Ntsoni alizaliwa mwaka 1947 huko Kimwenza, karibu na Kinshasa. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kikongo. Akiwa kijana alivuka mto kwenda Congo-Brazzaville, akasoma, akawa mwalimu. Katika vitabu akajiita Sony Labou Tansi.

Aliandika miaka mingi kabla ya riwaya yake ya kwanza, La Vie et demie, kutoka Paris mwaka 1979. Ndani yake mtawala anayejitangaza kuwa kiongozi aliyeletwa na Mungu anamwua mpinzani wake, Martial. Lakini Martial anakataa kufa. Anamtokea mwuaji wake hata chumbani, na mkubwa yule anayeogopwa na nchi nzima anakosa usingizi. Msomaji anacheka huku anatetemeka. Nchi ile ni ya kubuni, lakini Waafrika wengi waliitambua.

Mwaka huo huo alianzisha kundi la michezo ya kuigiza, Rocado Zulu Théâtre. Alifariki Brazzaville tarehe 14 Juni 1995.

Sony hakuwacheka waliouawa. Alimcheka aliyeua kwa jina la Mungu. Elia naye aliwadhihaki manabii wa Baali mlimani Karmeli (1 Wafalme 18). Basi tukicheka, tusimcheke mama anayekimbia na godoro kichwani. Tuzicheke sanamu zinazodai damu yake.